Ziwa lina jina la mwanamke: barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu ya msingi mkoani Mwanza

Kwa Afisa Elimu Mkoa. Maafisa elimu wa halmashauri zote 8, kuanzia Jiji na Ilemela hadi Ukerewe na Buchosa. Wathibiti ubora wa shule. Maafisa elimu kata. Na walimu wakuu.

YAH: MAFUMBO YA WANAWAKE WA HISTORIA KWA DARASA LA 3 HADI LA 6

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mtoto wa Mwanza hutaja jina la mwanamke wa historia karibu kila siku bila kujua. Ziwa Victoria. Meli ya MV Victoria. Malkia Victoria wa Uingereza, aliyezaliwa 1819 na kufariki 1901, hakuwahi kulitia machoni ziwa hili. Jina lake lilibandikwa na John Speke mwaka 1858 alipofika ufuko huu wa kusini. Sasa mwulize mtoto huyohuyo: ni nani aliyezaliwa hapo ng'ambo, Ukerewe, mwaka 1945, akawa katibu mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, na mwaka 2004 akachaguliwa kuwa rais wa kwanza wa Bunge la Afrika? Wengi watakukodolea macho. Ni Gertrude Mongella.

Tunaoandika barua hii ni watunzi wa mafumbo ya darasani. Ombi letu ni dogo, ila lina vipengele vyake, na kila kipengele kina namna yake ya kuharibika. Tunaomba kipindi kimoja tu kwa wiki, cha dakika 40, ndani ya Historia ya Tanzania na Maadili au Kiswahili, watoto wafumbue mafumbo yanayowakutanisha na wanawake waliotenda jambo. Hatuombi somo jipya wala mtihani. Hatuombi pia risala nyingine ya tarehe 8 Machi, maana hiyo ipo na watoto huisikiliza wakiwa wamesimama juani.

Kwanza tuseme kwa nini mafumbo yanayopakuliwa kwenye intaneti na kutafsiriwa jinsi yalivyo hayafai. Kiingereza kinapotega fumbo la mtu, neno la kwanza tu limeshakwambia kama ni mke au mume. Kiswahili hakisemi. "Alichimba kisiwani Rusinga, humuhumu ziwani upande wa Kenya, na mwaka 1948 akafukua fuvu la jamii ya sokwe wa kale aitwaye Proconsul." Nani huyo? Darasa litamwaza mzungu mwenye ndevu. Kumbe ni Mary Leakey, huyohuyo ambaye mwaka 1959 alipata fuvu la Zinjanthropus kule Olduvai. Kile kimya cha sekunde mbili darasa linapogundua kwamba lilimdhania mwanamume ndicho kinachobaki kichwani, na ni lugha yetu iliyotupa bure. Tafsiri hukiua, kwa sababu mtafsiri huanza kila kidokezo na "mwanamke ambaye". Kwa hiyo karatasi isiandikwe juu "Wanawake Mashuhuri". Iandikwe "Mimi ni nani?" Jibu likishapatikana ndipo mwalimu aseme.

Njia rahisi kuliko zote haihitaji karatasi hata moja. Mwalimu anasema "Kitendawili!", darasa linajibu "Tega!" Kisha anatoa vidokezo vitano, kigumu kikitangulia. Atakayejibu kwa kidokezo cha kwanza anapata alama 5, kwa cha pili 4, hivyohivyo hadi 1. Kwa Mongella vinaweza kwenda hivi: nilizaliwa mahali ambapo hufiki bila kuvuka maji, nilikuwa mwalimu kabla ya kuingia siasa, mwaka 1995 dunia ilikutana Beijing na mimi nilikuwa katibu mkuu wa mkutano huo, mwaka 2004 niliongoza Bunge la Afrika likianza, nimewahi kuwa mbunge wa Ukerewe. Watoto wa Nansio kule Ukerewe watalipata mapema kuliko wa Mkuyuni hapa mjini, na ni haki yao.

Darasa likishindwa, mila inajulikana: mtegaji anadai mji. Hapa ndipo pana utamu. Mwalimu asikubali mji wowote tu. Akubali mji ulio karibu na alikotokea mhusika, na watoto wautafute kwenye ramani ya ukutani. Kwa Wangari Maathai adai hadi apewe Nyeri. Kwa Mekatilili wa Menza adai hadi apewe Malindi. Wakimpa Dodoma aseme, "Dodoma nimeenda, sikumkuta." Jiografia inaingia bila kuitwa. Shida ya mchezo huu ni moja: wale watatu wa dawati la mbele hujibu kila kitu. Dawa yake ni kuligawa darasa kwa safu, na safu iliyojibu mara moja inakaa kimya hadi safu zote zijibu.

Fumbo la maneno, la visanduku vinavyokatizana, linahitaji kazi zaidi, na hapo ndipo walimu wengi hukata tamaa kwa kujaribu kupachika majina 15 kwa mpigo. Sita yanatosha. Huu hapa mpangilio tuliokwisha kuukagua, mtu yeyote aunakili ubaoni kesho asubuhi. Nukta ni kisanduku kisichotumika.

. . . W . M . S . K
M E K A T I L I L I
A . . N . G . T . D
K . . G . I . I . U
I . . A . R . . . D
N . . R . O . . . E
D . . I . . . . . .
A . . . . . . . . .

MEKATILILI analala mstari wa pili na kuwabeba wengine wote. Jina lake lina herufi 10, na I zake tatu ni kama ndoano: MIGIRO, SITI na KIDUDE wote wana I herufi ya pili, basi wanaanzia mstari wa juu na kumkatiza. WANGARI anamkatiza kwenye A. MAKINDA anaanzia kwenye M yake na kushuka. Jumla ni safu 10 kwa mistari 8, na visanduku vyenye herufi ni 35. Angalia kwamba kati ya jina na jina linaloshuka ipo angalau safu moja tupu. Ukiwasogeza wawili wakagusana, herufi za ubavuni zitaunda vineno visivyo na kidokezo na watoto watauliza vina maana gani. Mongella hakuingia humu. Tumejaribu kumpachika na hakai bila kugusana na wengine. Msimlazimishe, ana kitendawili chake hapo juu.

Ubaoni kila kisanduku kiwe sentimita 10, fumbo zima litachukua mita 1 kwa sentimita 80 na mtoto wa dawati la nyuma ataliona. Kwenye karatasi ya A4, kisanduku cha sentimita 1.5 kinatoa fumbo la sentimita 15 kwa 12, na nusu ya chini inabaki kwa vidokezo. Chini ya hapo penseli butu ya Darasa la 3 haitoshei. Namba zinafuata mstari wa juu kwanza: 1 Wangari, 2 Migiro, 3 Siti, 4 Kidude, kisha mstari wa pili, 5 ni Mekatilili kwenda kulia na 5 hiyohiyo ni Makinda kwenda chini.

Vidokezo vyake viwe vya tendo. "Mwanamke maarufu wa Kenya, herufi 7" ni kubahatisha tu. "Mwaka 1977 alianzisha harakati za kupanda miti, mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani" ni historia. Kwa Siti binti Saad: mzaliwa wa Fumba, Unguja, mwimbaji wa taarab aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili. Kwa Kidude: jina lake halisi Fatuma binti Baraka, aliimba nyimbo za Siti na kupiga ngoma za unyago, alifariki 2013. Kwa Mekatilili: aliwaongoza Wagiriama mwaka 1913 kuwakatalia Waingereza, akapelekwa uhamishoni magharibi mwa Kenya, akatoroka. Kwa Asha-Rose Migiro: Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, 2007 hadi 2012. Kwa Anna Makinda: aliketi kiti cha Spika wa Bunge la Tanzania kuanzia 2010 hadi 2015.

Kuna jambo la kwetu Kanda ya Ziwa ambalo mtunzi wa Dar es Salaam hatalifikiria: L na R. Mtoto anayetoka kwenye Kisukuma ataandika WANGALI na MIGILO, na wa visiwani anaweza kuandika MEKATIRIRI, na kila mmoja atahesabu visanduku akute vimetosha. Fumbo la maneno husahihisha kosa pale tu herufi inapokatizwa na jina lingine. R ya Wangari na R ya Migiro hazikatizwi na kitu. Kwa hiyo zijazwe tangu mwanzo, na L moja ya Mekatilili pia. Asionekane mtoto amekosa historia wakati alichokosa ni matamshi.

Halafu vicheko. Bibi Titi na Bi Kidude ni majina yatakayolichekesha Darasa la 4 hadi chaki ianguke. Mwalimu akikemea, majina hayo yanageuka kuwa machafu. Akiacha wacheke mara moja, kisha akasema kwamba Bibi Titi Mohamed alizaliwa 1926, aliongoza tawi la wanawake la TANU kuanzia 1955, na kwamba kuna barabara kubwa Dar es Salaam yenye jina lake, kicheko huisha chenyewe. Kuyaondoa majina hayo kwa sababu ya aibu, kama tulivyoona yameondolewa mahali fulani, ni kuadhibu historia kwa kosa la kamusi.

Mchezo wa kutafuta majina yaliyofichwa kwenye mraba wa herufi ndio unaopendwa zaidi, na ndio unaotengenezwa vibaya zaidi. Mraba wa 10 kwa 10 una herufi 100. Ukificha MEKATILILI, MONGELLA, BIBITITI, WANGARI, MAKINDA, MIGIRO, KIDUDE na SITI umeshatumia 56, pungufu kidogo ukikatiza. Nusu kwa nusu ndicho kipimo kizuri: majina yakizidi hapo hakuna kilichofichwa, yakipungua sana mtoto wa miaka 9 anachoka. BIBITITIMOHAMED ana herufi 15 na hatoshi, msijaribu kumkunja.

Hatari iko kwenye herufi za kujazia. Maneno ya Kiswahili ni konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Ukijaza ovyo ovyo, maneno ya herufi nne yanajizalisha yenyewe, na baadhi ya matusi ya lugha yetu yana herufi nne. Fumbo likishatolewa kopi 90, hakuna wa kulirudisha, na mtoto wa nyuma kabisa ndiye atakayeliona tusi kwanza. Wengine hukimbilia kujaza konsonanti tupu. Hapo majina yanang'aa kwa irabu zake na fumbo linakwisha kwa dakika tatu. Njia ni kuchanganya, irabu moja kwa konsonanti mbili hivi, kisha watu wawili tofauti wasome kila mstari kwa sauti: kulia, kushoto, chini, juu na mshazari. Programu za kompyuta za kutengeneza mafumbo haya hazijui matusi ya Kiswahili, kwa hiyo hazisamehe kazi hiyo. Kuna na mtego mdogo zaidi: ukimwandika BIBITITI kinyumenyume anaanza na ITI, na ukijazia S kabla yake umezaa SITI wa pili. Darasa la 3 wapewe majina ya kwenda kulia na kushuka tu. Mshazari uanze Darasa la 5, kinyumenyume Darasa la 6.

Msimbo wa namba nao ni mzuri kwa siku ya mvua, pale bati linapopiga kelele na mwalimu hasikiki. Kila herufi inapewa namba, mtoto anasoma namba na kuandika jina. Kosa la kawaida ni kutotoa ufunguo kwa kuamini kwamba kila mtu anajua A ni 1. Alfabeti ya Kiswahili bila Q na X ina herufi 24. Ile ya somo la Kiingereza ina 26. Mwalimu akitumia ya 24, SITI ni 18-9-19-9. Mtoto anayehesabu kwa ile ya 26 atapata RISI, atashangaa, atafuta, atarudia, atapata RISI tena. Kila kitu baada ya P kimesogea. Ufunguo uandikwe juu ya ukurasa, basi.

Picha za vipande zinagharimu jasho lakini hudumu mwaka mzima zikitengenezwa vizuri. Boksi la sabuni au la biskuti, picha ya A4, na gundi. Gundi ya unga wa muhogo ni ya bei nafuu, kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vitano vya maji, uukoroge kwanza kwenye maji baridi ndipo uinjike motoni, la sivyo unapata madonge. Ila mende na panya wanaipenda kuliko watoto wanavyopenda fumbo, na stoo zetu za shule tunazijua. Kama kuna uwezo, gundi nyeupe ya mafundi mbao ni salama zaidi kwa kitu cha kukaa stoo. Kingine ni unyevu. Karibu na ziwa boksi lililobandikwa karatasi upande mmoja linakunjamana kama chapati. Bandika karatasi pande zote mbili siku hiyohiyo, upande wa nyuma ukiwa na maelezo mafupi ya mhusika, kisha lalisha chini ya matofali usiku mzima.

Kata kwa kisu na rula ya chuma, mikato iliyonyooka, 4 kwa 3. A4 inatoa vipande 12 vya sentimita 7 hivi kila upande, vinavyotosha kiganja cha Darasa la 3. Vipande 20 kwa la 4 na la 5, 30 kwa la 6. Msihangaike na mikato yenye masikio, kisu cha kawaida hakiwezi na masikio huvunjika wiki ya kwanza. Vipande vilivyonyooka huteleza, kwa hiyo viunganishwe ndani ya mfuniko wa boksi lenyewe. Nyuma ya kila kipande, pembeni, andika alama ya seti, S1 kwa Siti, M2 kwa Mongella. Kipande kitakachookotwa uwanjani Jumatatu kitajua kwao.

Tahadhari moja kubwa kuhusu picha: fotokopi huwafanya watu weusi kuwa doa jeusi. Uso wa Bi Kidude, wenye mikunjo iliyosema kila kitu, hutoka kama kivuli cha sufuria. Mpeni mchoraji wa mabango wa mtaani achore kwa mistari tu, bila kujaza kivuli, kisha ndio mtoe kopi. Na kwa aliyeishi kabla ya kamera, kama Malkia Nzinga wa Angola aliyefariki 1663, tumieni ramani badala ya uso. Kumchorea mtu sura ya kubuni na kumwambia mtoto "huyu ndiye" ni kumdanganya.

Nzinga huyo ana nafasi yake kwenye kamba ya miaka, ambayo kwetu ndiyo bora kuliko yote. Chukua kamba ya nailoni ya wavuvi, mita 5, na vibanio vya nguo. Kila mwaka ni sentimita 4, kuanzia 1900 hadi 2025. Watoto wanapewa kadi zenye tendo bila mwaka na kadi zenye mwaka bila tendo, wazilinganishe kisha wazibane mahali pake. Mekatilili 1913 anakaa sentimita 52 kutoka mwanzo, Siti 1928 sentimita 112, Bibi Titi 1955 mita 2 na sentimita 20, Wangari 1977 mita 3 na sentimita 8, Mongella 1995 mita 3 na sentimita 80. Nailoni huvutika, basi ifungwe na kukazwa kwanza ndipo ipimwe na kutiwa alama. Ukipima ikiwa imelegea, ukija kuikaza alama zote zinahama. Ukifika kwa Nzinga, waulize watoto akae wapi. Kutoka 1900 kurudi 1663 ni miaka 237, mara sentimita 4 ni mita 9 na sentimita 48. Atakuwa nje ya mlango, huenda chini ya mwembe. Watoke na futi kamba, wampime, wamwache huko.

Sasa jambo linalotutia wasiwasi kuliko gundi na kamba, nalo ni ukweli wa maneno yenyewe. Neno "wa kwanza" ndilo linaloharibu karatasi nyingi zinazozunguka shuleni. Rais Samia Suluhu Hassan ni mwanamke wa kwanza kuwa Rais wa Tanzania, tangu Machi 2021. Si wa kwanza Afrika, kwani Ellen Johnson Sirleaf aliapishwa Liberia 2006 na Joyce Banda Malawi 2012. Wangari Maathai ni mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Nobeli ya Amani. Ukiondoa neno "Amani" umekosea, sababu Nadine Gordimer wa Afrika Kusini alipata ya fasihi mwaka 1991. Makinda ndiye Spika mwanamke wa kwanza. Tulia Ackson, Spika kuanzia 2022 hadi 2025, ni wa pili. Mtoto akijifunza kosa kwa fumbo hulishika kwa nguvu ileile ambayo angeshika ukweli, na kuling'oa ni kazi.

Ndiyo maana tunaomba kwa wathibiti ubora ukurasa mmoja, mmoja tu, wenye majina 30, mwaka, mahali na tendo, uliokaguliwa na kutiwa sahihi, utumwe kwa kila kata. Mwalimu atunge fumbo lake kutoka hapo na si penginepo. Nusu ya majina iwe ya Afrika Mashariki na angalau matano ya kuzunguka ziwa, wakiwemo Mongella wa Ukerewe tuliyekwisha kumtaja, Mary Leakey aliyechimba Rusinga, na Grace Ogot wa Asembo, muuguzi aliyekuwa mwandishi na ambaye mwaka 1966 alichapisha riwaya kuhusu familia ya Kijaluo iliyovuka kuja Tanganyika. Kuwe na mafundi, wanasayansi na waimbaji, si viongozi watupu. Kwa waliopo madarakani leo, kidokezo kitaje cheo na mwaka kisha kikome. Fumbo la Darasa la 4 likianza kusifu, wazazi watasema ni kampeni, na safari hii watakuwa na haki.

Kuhusu karatasi, hesabu ni hii. Darasa la watoto 90 ligawanywe vikundi 18 vya watoto watano, kila kikundi nakala moja. Wiki 10 kwa muhula ni nakala 180. Madarasa manne, 720. Mihula miwili, 1,440. Rimu 3 za karatasi 500 zinatosha shule hiyo mwaka mzima, na zinabaki 60 za kuharibu. Tusitoe nakala moja kwa kila mtoto hata kama zipo, maana watoto watano wanaobishana juu ya herufi moja wanajifunza kuliko mmoja anayenakili kwa jirani. Ila kila mtoto apewe ukanda wake wa kidokezo, uliokatwa, ausome yeye kwa sauti, na kalamu izunguke kila jina. Bila hivyo mmoja hufanya kazi yote na wanne hutazama dirishani.

Maafisa elimu kata, ninyi mnaoratibu vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini: tupeni kikao kimoja cha saa mbili kabla muhula haujaanza. Saa ya kwanza walimu wafumbue fumbo lililo kwenye barua hii kama wanafunzi, bila kuonyeshwa majibu. Ya pili kila wawili watunge la kwao, wabadilishane, wasomeane kutafuta matusi na makosa ya miaka. Yatakayopita yawekwe kwenye faili la kata. Kata yenye shule sita ikitunga mawili kila moja ina mafumbo 12, ambayo ni zaidi ya muhula mzima.

Na alama zisiingie kwenye rejesta. Siku fumbo litakapohesabiwa kwenye wastani wa mtoto, kuna mwalimu atakayeandika majibu ubaoni ili darasa lake lifaulu, nasi hatutamlaumu yeye.

Tunaomba jibu kabla ya shule kufungwa, ili kikao cha walimu kifanyike wakati wa likizo. Majibu ya fumbo yabaki kwa mwalimu mkuu, kwenye bahasha, na si kwenye droo ya meza ya darasani, ambayo kila mtoto anajua inavyofunguliwa.

Wenu katika kazi,
Watunzi wa mafumbo ya darasani,
Mwanza